Mkono wa Kulia

Ni wa kulia kwa sababu ndio tunaolia chakula.
Miaka yote sikulisikia neno la pili humo ndani
mpaka asubuhi ile, Kibokoni,
mbaazi zimeiva, chai imeshamiminwa,
Mwanakombo akataka hamri
na mkono ukabaki pajani kama umesahauliwa na mgeni.
Umri wake miaka sita na miezi minne.
Mdomo ukaenda upande.
Akaniita, na jina langu likatoka nusu.

Majirani wakasema upepo mbaya.
Bi Zainabu akaleta kombe la zafarani;
nililipokea, sikuona ubaya wa kulipokea.
Lakini damu yake ina selimundu,
na kule Makadara daktari hakutafuta maneno:
kiharusi.
Nikacheka. Wallahi nilicheka.
Nilidhani ni maradhi ya watu wenye mvi.
Kiharusi, harusi ndogo:
nani huyo aliyemposa mwanangu
bila kubisha hodi kwangu?

Ngowa, mwenye mashine ya sumaku,
alinivua bangili, pini za mtandio, kipini cha pua,
na ile sindano ninayoichomeka kifuani tangu usichana,
sindano yangu ya kofia,
akaiweka kwenye sahani ya plastiki.
Kisha ile kelele: fundi bati
aliyepandwa na mashetani saa sita ya mchana.
"Usitikisike, mama, picha itaharibika."
Mwanakombo akatulia.
Upande mmoja ulitulia kwa kutii,
wa pili kwa kukosa la kufanya.

Nashona kofia za vito. Nayajua matobo.
Kwa hiyo waliponionyesha kichwa cha mwanangu
kimekatwa kipande baada ya kipande, kijivu,
na pale kushoto weupe kama maziwa yaliyomwagika,
sikuuliza ni nini. Niliuliza:
mbona kushoto, na mkono ni wa kulia?
"Nyuzi hupishana kabla ya kufika shingoni,"
akasema Dakta Nyamvula.
Basi. Hilo nalielewa.
Geuza kofia yoyote uone upande wa ndani.

Ana watoto ishirini na watatu katika utafiti wake,
toka Likoni mpaka Mtwapa.
Aliniletea karatasi ya kutia sahihi na hakuniahidi kitu.
"Tunatazama tu ubongo unavyojisaidia."
Nilimpenda kwa lile "tu".

Mwaka mzima, kila mwezi, chupa ya damu ya watu nisiowajua.
Kila alasiri naufunga mkono wake wa kushoto kwa leso,
leso kuukuu, jina lake limeshafutika kwa kufuliwa,
ili ule mvivu ufanye kazi:
kunde, moja, kutoka bakuli hili mpaka lile.
Hulia. Nami hugeuka nikatazama ukuta.
Mama mkwe ameacha kusema
mtoto wa Kiislamu hali kwa kushoto.
Siku hizi humkatia nyama, kimya,
vipande vidogo kuliko vinavyohitajika.

Picha ya pili.
Humo ndani wakamwambia afinye mpira, aachie, afinye.
Na kwenye kioo pakawaka
kandokando ya tobo, pembeni, kisha upande wa pili kabisa,
mahali ambapo mwaka jana hapakuwa na habari na mkono huo.
"Yuatumia njia nyingine," Dakta akasema.
Inafika wapi?
"Sijui, Bi Mwatime. Ndiyo maana natazama."
Weupe uko palepale. Hakuna aliyeuzibua,
hakuna aliyeutia kiraka.
Nilichukua sindano yangu sahanini, nikaondoka.

Jana, mezani, leso iko kamba za kuanikia,
hakuna aliyemwamuru,
akaunyoosha.
Polepole, kama mtu anayepita kizani nyumba ya wenyewe.
Akalishika hamri, akalibana kupita kiasi, likapasuka.
Nusu ilifika mdomoni.
Nusu ikawa riziki ya paka.